Boneti Iliyokuwa Ikimpisha

Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pikapu ya mkunga mstaafu iligonga nguzo ya geti la gereji hata kabla haijafika barabarani. Haikuwa ajali ya kutangaziwa watu. Bampa lilikunjika, taa moja ikapasuka, basi. Lakini mkunga hakushuka kuangalia taa. Alizima injini, akabaki amekaa juu ya mto wake wa sponji, maana urefu Mungu hakumpa, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia mafundi wote:

"Hii si boneti yangu."

Wakacheka. Nani asingecheka? Kagonga nguzo, sasa anailaumu boneti.

"Mama, gari liliingia na boneti moja, linatoka na boneti moja," alisema mwenye gereji. Yeye hakucheka. "Tumetoa kutu, tumepiga rangi. Rangi mpya humfanya mtu alione gari lake kama la jirani."

"Boneti yangu ilikuwa inanipisha. Hii hainipishi."

Hapo kicheko kikakatika. Boneti inayompisha mtu! Mafundi walitazamana kwa ile huruma ambayo ni mbaya kuliko kicheko. Binti yake, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kumsindikiza, alifungua mlango wa dereva, akachomoa funguo, akazitia kwenye mkoba wake. Baba yake alikuwa na miaka miwili kaburini, na muda wote huo binti alikuwa anaiogopa siku kama hii.

Jumatatu saa tatu kamili, mkaguzi wa kampuni ya bima alifika. Magereji yote yalimwita Sumaku. Alitembea na sumaku kwenye mfuko wa koti, na tena, walisema, jambo likimnasa halibanduki. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, kalamu sikioni, uso usioonyesha kama amekula au ana njaa. Mwenye gereji alimpa mkono. Sumaku aliona malengelenge mawili kwenye kiganja chake, moja limepasuka. Alishangaa kidogo, maana mtu huyu alijulikana siku hizi kwa kutoa bei tu, nyundo kawaachia wengine.

Mkunga na binti yake walikuwa wanamngoja kando ya pikapu.

"Dada, nakuomba uandike kwamba macho yamechoka," binti alianza, kwa sauti ya chini. "Uandike tu hivyo. Kuna tajiri anakusanya magari ya kale, anaitaka hii. Tuiuze kabla mama hajaua mtu."

"Niko hapa hapa, nasikia," alisema mama yake. "Mwanangu mkaguzi, mimi nimezalisha watoto miaka thelathini na minne. Sijawahi kuandika mtoto wa kiume kwa sababu baba yake alitaka wa kiume. Nawe kaandike kilichopo."

"Kipi kilichopo, mama?"

Mkunga aliweka mkono juu ya bati, kisha akauondoa haraka.

"Mume wangu alikuwa fundi bodi. Aliitia pikapu hii injini ya lori ili isinifie njiani ninapoitwa kuzalisha. Injini ikawa ndefu, boneti haifungi. Akaipandisha mgongo mwenyewe, kwa nyundo yake. Akaipiga, akaivunja, akaipiga tena, mpaka nikaona njia. Nikiendesha, ni kama yuko mbele yangu anaangalia mashimo. Sasa mnaniambia nimechanganyikiwa. Mkishinda, nitampoteza mara ya pili, na safari hii hata kulia sitaruhusiwa. Mtasema ni uzee."

Binti alitazama pembeni. Sumaku hakutoa pole, hakuwa mtu wa pole. Alimwomba mkunga akae kwenye mto wake, yeye akainama dirishani mpaka jicho lake likawa sawa na la yule mama. Mgongo wa boneti uliinuka mbele yao, na nusu ya geti haikuonekana. Alitoa utepe wa kupimia. Kutoka ukingo mmoja hadi kilele cha mgongo, sentimita sitini na moja. Kutoka ukingo wa pili, sitini na moja. Katikati kabisa, bila hata unywele wa tofauti. Akapitisha sumaku toka mbele hadi kwenye kioo, nayo ikanata kila mahali. Hapakuwa na puti, ule udongo wa kuzibia bati, hata ya kujaza tundu la msumari. Akafungua, akatazama chini yake.

"Mlikubaliana wapake na chini?" aliuliza.

"Juu tu," alisema mkunga. "Chini nilimwambia asiguse. Kuna alama za nyundo yake."

Chini palikuwa peusi na safi kuliko sahani. Boneti ya miaka kumi na minane, juu ya injini ya dizeli, bila hata tone la mafuta.

Saa nne na robo alimkuta mpiga rangi kwenye kibanda chake, kajifunga kitambaa puani. Alipoona kalamu alirudi nyuma hatua moja. Gereji aliyotoka walimfukuza kwa kuuza vipuri vya wateja, na jina baya halifuliki.

"Dada, hili si langu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijasema ni lako. Boneti uliipaka ikiwa kwenye gari?"

"La. Niliipata Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya gari kutoka. Ilikuwa imetundikwa kwenye kamba, imeshapigwa praima, ile rangi ya msingi, na chini imeshapakwa. Nikapiga rangi ya juu tu."

"Nani alikuletea?"

"Niliikuta imetundikwa. Hapa hatuulizi sana, tunapaka." Akafikiri. "Lakini kuna yule tajiri wa magari ya kale. Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja, akaizunguka ile pikapu kama mtu anayeposa."

Tajiri alikuwa na magari tisa chini ya paa moja, yote yamefunikwa mashuka. Saa nane mchana alimpokea Sumaku kwa kicheko.

"Mimi niibe boneti? Ningeiba, ningeiba gari zima. Boneti peke yake nitaifanyia nini, sinia la kuandalia wageni?"

"Lakini ulikwenda."

"Nilikwenda, gari lilikuwa halina boneti. Nikamtafuta mwenye gereji nimwombe anisemee kwa yule mama aniuzie. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nyundo inalia humo, lakini polepole. Anapiga moja, anakaa kimya. Anapiga moja, anakaa kimya. Nikasema, huyu ama anafikiri ama anaswali. Nikajiendea zangu."

Jioni ile Sumaku alikaa ofisini na jalada la pikapu. Ndani yake mlikuwa na picha ya miaka kumi nyuma, gari limepigwa picha kwa mbele. Aliweka rula juu yake. Mgongo haukuwa katikati. Ulikuwa umesogea upande wa abiria kwa vidole vinne, na upande wa dereva uliteremka mapema.

Akajipangia mambo. Tajiri angetaka kubadilisha, angeagiza boneti ya faiba, na sumaku ingeanguka chini. Mpiga rangi angejaza puti, maana nyundo hajui. Aliyeitengeneza hii aliinyanyua bati tupu, kwa mkono, siku nyingi, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mwizi gani anaacha kitu kizuri kiasi hicho mahali pa kile alichoiba? Na kwa nini, baada ya kuiga kila kitu, akashindwa kuiga vidole vinne?

Jumatano saa tisa na nusu alasiri aliwakusanya gerejini mkunga, binti yake na mwenye gereji. Mpiga rangi alijikaribisha mwenyewe, akijifanya anaosha brashi.

"Nimemaliza," alisema Sumaku. "Nimeona boneti ni ile ile, mlichofanya ni kuinyoosha. Picha ya zamani inaonyesha mgongo umekwenda upande. Kwa ripoti yangu, marehemu hakujua kupima. Kazi yake ilikuwa ya kubahatisha tangu mwanzo."

Mkunga alifumbua mdomo. Lakini aliyemtangulia alikuwa mwenye gereji.

"Usiandike hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimefanya kazi chini yake miaka tisa. Yule mzee alikuwa anapima kwa jicho, nawe ukileta utepe unakuta sawasawa. Aliteleza mara moja tu maishani mwake, na hata hilo nime..."

Maji ya kuoshea brashi yalisikika yakidondoka.

"Nimelirekebisha," Sumaku alimalizia. "Ndivyo ulivyotaka kusema. Kama uliinyoosha ile ya zamani, lazima uliikata; nionyeshe chini yake mshono wa kuchomelea. Haupo, ni bati moja, jipya. Malengelenge ya kiganjani yamekauka sasa, lakini Jumatatu yalikuwa mabichi. Na tajiri wa magari alikusikia kwenye chumba cha nyuma. Mwizi wa kawaida angeiga na kosa ili asijulikane. Wewe ulishindwa. Uliona haya kumwachia mwalimu wako kosa."

Mwenye gereji alitoa ufunguo mfukoni, akatangulia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, meza na kiti kimoja. Boneti ilitundikwa ukutani mkabala na kiti, mahali ambapo wengine huweka televisheni. Imetolewa kutu, imepakwa mafuta, na imegeuzwa ili upande wa ndani, wenye alama za nyundo, uonekane. Kwenye meza palikuwa na sahani ya chakula cha mchana.

"Unakula unaitazama," alisema mkunga.

"Ndiyo, mama." Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ana mvi, lakini alisimama mbele yake mikono nyuma. "Miaka tisa nilimwuliza, Mzee, lini utasema nimekuwa fundi? Akasema, bado. Nikachukia, nikaondoka bila kuaga. Sikuchukua hata bisibisi yake moja. Alipokufa nilisimama nyuma ya watu wote, sikuthubutu kusogea. Halafu ukaniletea gari, ukasema hakuna mwingine anayeujua mkono wake. Nilipoifungua nikaiona kazi yake, sikuweza kuirudisha. Nilitaka nibaki na kitu cha mkono wake. Nikasema, nitamtengenezea mama nyingine, nzuri kuliko hii. Na mke wake akikaa nyuma yake asitambue, basi nami nitakuwa nimefika."

"Nikatambua kabla sijafika getini."

"Ulipogonga nguzo nilijua. Nikaona haya. Nikaacha watu wakuite umechanganyikiwa." Akainamisha kichwa. "Kuiba nimeiba, mama, lakini lile la kukuacha uchekwe ndilo baya zaidi."

"Lile ndilo," alisema mkunga. "Na wala hakuteleza. Kwanza aliupandisha mgongo katikati, kama wewe. Nikakaa, sioni kitu. Jioni tatu alinikalisha kwenye usukani, akausogeza upande wa abiria, akaushusha kwangu, mpaka nikaliona jiwe lililoko mbele ya tairi. Hakuwa anapima bati. Alikuwa ananipima mimi."

Binti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Miaka yote alikuwa ameipanda pikapu ile upande wa abiria, akilalamika kwamba mgongo unamziba. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilichomoa funguo mbele za watu."

"Ulikuwa unaniogopea. Lakini zirudishe."

Mwenye gereji aliifunga boneti ya zamani mwenyewe, hakutaka msaada. Bawaba zake ziliachia mwanya upande mmoja, kama zamani, naye hakuugusa. Sumaku alimwuliza mkunga kama aandike wizi, ipelekwe polisi.

"Andika kwamba mali imerudi kwa mwenyewe," alisema mkunga. "Taa ataitia nyingine yeye, na ile boneti yake abaki nayo. Ni kazi nzuri. Tatizo haina mtu."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Mkunga alipanda, akaukalia mto wake, akawasha. Binti akafunga mlango wa abiria. Injini ilipokwisha tulia, mwenye gereji alikuja dirishani na kitambaa chenye grisi mkononi.

"Mama. Kuna siku alinitaja?"

Mkunga alitazama mbele. Alikuwa na uwezo wa kumdanganya, na kumdanganya kungekuwa rahisi kuliko ukweli.

"Kila Ijumaa," alisema. "Kila Ijumaa jioni alipitisha gari hili mbele ya gereji yako. Si njia ya kwenda kwetu. Si njia ya kwenda popote. Akifika hapa anapunguza mwendo."

"Nilikuwa namwona. Nilidhani anakuja kunitambia. Nikimwona nilikuwa naingia ndani."

"Alikuwa anasema, 'Leo ataona. Yule ana jicho. Ataona mgongo umekaa upande, atanifuata kuniuliza kwa nini. Siku akija kuuliza, nitamwambia basi, wewe ni fundi, sina tena cha kukufundisha.' Tukifika nyumbani anasema, labda Ijumaa ijayo. Mpaka mwezi aliokufa alikuwa bado anasema hivyo."

Mwenye gereji alishika ukingo wa dirisha.

"Siku tisa nilikuwa nayo mikononi, mama. Niliona. Nikasema ni kosa. Hata wewe sikukuuliza."

"Hukuuliza, mwanangu," alisema mkunga, na kwa kuwa njia ilikuwa inaonekana yote, akaondoka.