Roboti Iliyokataa Kuondoka Mlangoni

Uvumi ule ulimkuta Chapuchapu bombani, ndoo ikiwa nusu, na tangu hapo hakuweza kuutoa kichwani.

"Umesikia habari za Pua?" aliuliza Redio, msichana wa nyumba ya jirani ambaye darasani walikaa dawati moja. Aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Pua gani?"

"Ile roboti ya manispaa! Jumamosi inapita mtaani kwetu. Kazi yake ni kunusa nyumba chafu. Ikifika kwenye nyumba inayonuka inasimama mlangoni na kulia, pii! pii! pii! Hapo mmekwisha. Mlango unapigwa alama nyekundu, na Jumatatu mwalimu mkuu anawatangaza mstarini, nyie na choo chenu."

"Nani kakwambia?"

"Mtu."

"Mtu yupi?"

"Mtu aliyeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake," alijibu Redio, kwa sauti ya shahidi aliyekwisha kula kiapo.

Ndoo ilijaa, maji yakafurika, yakamlowesha miguu. Chapuchapu hata hakusikia baridi. Alikuwa akiwaza bafu la kwao, lenye ukungu ukutani na harufu isiyokubali sabuni.

Ukweli ni kwamba mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza jambo hilo vizuri kabisa. Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na kiwanda cha rangi, na wakazi walikuwa wamelalamika kwamba siku nyingine hewa inawawasha macho. Manispaa ikaleta roboti ya kupima hewa. Inajiendesha yenyewe, inakwepa mashimo na watu bila kushikwa na mtu, na inatambua gesi za sumu mapema kuliko pua ya binadamu. Ikizipata, inasimama hapohapo na kulia mpaka fundi wake afike. Mwalimu alimalizia kwa kusema, "Haina shida na uchafu wenu." Lakini wakati huo Redio alikuwa akinong'onezana na dawati la nyuma, na Chapuchapu alikuwa ameinama, anaichora roboti yenye masharubu.

Ndivyo alivyokuwa. Jina lile alipewa na bibi yake kwa sababu kila kitu alikifanya mbiombio. Alivaa shati kabla halijakauka, alijibu swali kabla halijaisha, na habari aliisikia nusu, nusu nyingine akaitunga mwenyewe.

Alipofika nyumbani alitua ndoo na kuanza kunusa. Alinusa viatu, akanusa pazia, akapiga magoti na kunusa mkeka. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kitini akijipaka dawa ya kifua, alimtazama.

"Mjukuu wangu, siku hizi umeajiriwa kuwa mbwa wa polisi?"

"Bibi, sisi tunanuka?"

"Mimi nanuka dawa ya kifua. Wewe sijui, maana sina ujasiri wa kukusogelea."

Hakuridhika. Alimfuata mama yake chumba cha mbele, alipokuwa akishona sare za wanafunzi. "Mama, nyumba yetu inanuka?"

"Inanuka maswali," alisema mama, pini zikiwa mdomoni. "Nenda kaoge."

Mama yake alikuwa mwanamke wa kuogopa kabla jambo la kuogopa halijatokea. Jumamosi asubuhi, alipokuwa akitoka kupeleka sare, alisimama mlangoni kama kawaida yake na kumwaga maonyo. "Usicheze na moto. Usimfungulie mtu usiyemjua. Chupa za rafu ya juu usiziguse, sikiliza, usiziguse! Bibi hakulala vizuri kwa kifua, mwache apumzike. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," alisema Chapuchapu. Jibu hilo alikuwa nalo tayari tangu kwenye onyo la moto.

Mama alipokata kona tu, kijana alivuta kiti hadi kwenye rafu ya juu. Alikuta chupa ya dawa ya kusafishia choo na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Zote mbili zilikuwa na maandishi madogo na alama kubwa ya onyo. Maandishi yalikuwa marefu, na yeye alikuwa na haraka.

Alimwaga ya kwanza kwenye sakafu ya bafu, akasugua. Ukungu ulififia kidogo. Akajiambia kwamba kama dawa moja inang'arisha hivi, mbili zitang'arisha maradufu, na Pua atapita hapa akiwa amefumba macho. Akamimina na ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sakafu ilitoa povu kwa sauti ya kuchemka. Harufu kali ilipanda, ikamchoma pua, ikamkaba koo, machozi yakamtiririka.

"Eeh, huu sasa ndio usafi!" alisema huku akikohoa.

Kisha akafanya lililokuwa baya zaidi. Ili harufu yoyote ya nyumba isimfikie Pua huko nje, aliziba tundu la hewa la bafu kwa gunia na kufunga madirisha yote. Bibi alikuwa amelala chumba cha katikati, ukuta mmoja na bafu. Chapuchapu alivuta mlango wa bafu, akachukua manukato ya mama, yale ya kwendea harusini, akaupulizia mlango wa mbele juu mpaka chini. Halafu akasimama nje, mikono kiunoni, akisubiri mgeni.

Pua alikuja na msafara wa watoto nyuma yake. Alikuwa na ukubwa wa karai lililofunikwa, magurudumu manne, taa kichwani, na shingo nyembamba iliyogeukageuka. Fundi wake, dada mmoja aliyevaa ovaroli, alikuwa mbali nyuma akiongea na muuza duka.

Roboti ililifikia jalala, mahali ambapo hata nzi walionekana kuchoka. Ikapita. Watoto wakaguna. Ikafika kwa kina Redio, kwenye dirisha lenye viatu vya mpira vya kaka yake, viatu ambavyo mama yao alikuwa amevifukuza kutoka ndani ya nyumba. Redio alijifunika uso kwa mikono.

"Imepita!" alipiga kelele. "Hata viatu vya kaka imevisamehe!"

Chapuchapu alivuta pumzi ya raha. Kama viatu vile vimesamehewa, yeye ana wasiwasi gani?

Roboti ikafika mlangoni kwao. Ikasimama. Ikageuza shingo kushoto, ikageuza kulia, ikainyoosha kuelekea ndani. Taa ikawa nyekundu.

Pii! Pii! Pii!

Mtaa mzima uliangua kicheko. "Kwa kina Chapuchapu! Kumbe ndio wachafu!"

"Wewe, endelea mbele!" Chapuchapu aliikemea roboti. "Umekosea nyumba! Hapa pasafi!"

Pii! Pii!

Aliisukuma kwa ufagio. Ikarudi nyuma kidogo, ikauzunguka ufagio, ikarudi palepale. Akaipulizia manukato ya mama usoni. Ikalia kwa kasi zaidi.

"Ndugu yangu, nakuomba," alinong'ona akiwa amepiga magoti mbele yake. "Nitakupa nini uondoke?"

"Anaihonga!" alicheka Redio mpaka akakaa chini. "Jamani, anaihonga roboti!"

Yule dada fundi alikuja mbio. Alikisoma kioo kidogo mgongoni mwa roboti, na sura yake ikabadilika.

"Watoto wote nyuma! Nyuma, mpaka kule kwenye ukuta!" Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Hii ni hewa ya sumu, mdogo wangu. Kuna mtu ndani?"

Chapuchapu aliona nyuso za wenzake. Aliona alama nyekundu mlangoni, akamsikia mwalimu mkuu akikitaja choo chao mstarini. Fundi akiingia ataona bafu, na kila mtu atajua.

"Hakuna," alisema haraka. "Hakuna mtu."

"Hakika?"

"Hakika, dada."

"Afadhali." Fundi alishusha mabega, akatua mkoba wake chini. "Basi tusiharakishe. Hakuna haja ya mtu kuingia humo. Nitawapigia simu wenzangu waje na vifaa, tusubiri."

Akatoa simu, akaanza kutafuta namba.

Kwa mara ya kwanza maishani Chapuchapu alilisikia neno mpaka mwisho. Hakuna haja ya mtu kuingia. Yaani hakuna atakayeingia. Yaani bibi yake, na kifua chake kile, atalala humo mpaka wenzake huyu dada watoke huko wanakotoka.

"Bibi yumo!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Nimesema uongo! Bibi amelala chumba cha katikati! Nilichanganya dawa bafuni, ya choo na ya nguo, na madirisha nimeyafunga! Mwahini bibi!"

Alitaka kukimbilia ndani, lakini fundi alimdaka ukosi. "Wewe hapana! Ukianguka nawe nitakuwa na wawili wa kubeba." Alivaa kinyago cha kuzuia sumu, akachukua kingine mkononi, akaingia.

Hakuna aliyecheka tena. Redio naye alinyamaza kabisa. Mlio wa roboti tu ndio uliosikika, na madirisha yakifunguliwa moja baada ya jingine.

Fundi alitoka akimshikilia bibi, kinyago usoni, kilemba kimekaa upande. Walimketisha mbali, upande upepo ulikotoka, wakamvua kinyago. Alikohoa, akakohoa tena, akafuta macho na kumtafuta mjukuu wake kati ya watu.

"Nani amempika shetani humo bafuni?"

"Ni mimi, bibi," alisema Chapuchapu, akilia waziwazi. "Nisamehe."

"Nilijua. Upishi mbaya kiasi hicho ungekuwa wa nani mwingine?" Alimvuta akamkumbatia, huku akiitazama roboti iliyokuwa bado ikilia mlangoni. "Na huyu mgeni asiyejua kupiga hodi kwa adabu, Mungu amzidishie kelele."

Mama alirudi na kukuta watu wamejaa nje. Aliangusha mkoba, akaanza kulia kabla ya kuuliza kilichotokea. Alipoelezwa, walikwenda wote zahanati. Muuguzi alimpa bibi hewa safi ya mtungi, akampima kifua, akamweka chini ya uangalizi hadi alasiri. "Angekaa humo zaidi kidogo, tungekuwa tunaongea mengine," alisema.

Waliporudi, fundi alikuwa ameshalimwagia bafu maji mengi na roboti imetulia, taa yake kijani. Mama hakumpiga mwanawe. Alimketisha kwenye kiti cha cherehani, na hilo lilimtisha Chapuchapu zaidi.

"Mwanangu, hebu niambie. Tungekuwa wachafu kweli, mtaa ukatucheka, ingekuwaje?"

"Ingekuwa aibu, mama."

"Na aibu tungeifanyaje?"

"Tungeisafisha."

"Haya. Na bibi yako tungemfanyaje?"

Chapuchapu alianza kulia upya. Mama alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Ile dawa uliigusa kwa sababu hukusikiliza, na uongo uliusema kwa sababu ya kuchekwa. Lakini uliurudisha mwenyewe, mbele ya haohao waliokuwa wakikucheka, na ndiyo maana leo bibi yako anagombana na chai yake kwamba haina sukari. Siku nyingine ukweli usisubiri. Utangulie."

Siku ile mama alimwita kila mtoto wa mtaa mlangoni kwake, Redio akiwa mbele, akawatajia mambo ya kuepuka. Na wewe unayesoma, yaepuke:

Usichanganye dawa za kusafishia, hata kama zote ni za kusafisha.

Usiguse dawa ambayo hujasoma maandishi yake na mkubwa hajakuonyesha matumizi yake.

Usihamishie dawa kwenye chupa ya maji au ya soda.

Usisafishe kwa dawa huku madirisha na matundu ya hewa yamezibwa.

Usikae mahali hewa inapokuwasha macho au koo. Toka, na uwaite wengine watoke.

Usirudi mwenyewe ndani kumtafuta mtu. Mwite mkubwa.

Usiisukume, usiifunike wala usiipulizie chochote mashine inayopima hewa.

Usipeleke mbele habari usiyojua ilikotoka.

Na ukiulizwa kama kuna mtu ndani, usione haya. Sema.