Namba ya Sita

Kila siku akitoka shule, Macho alifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala kilichofunikwa mezani, akaosha sahani, kisha akavuka uwanja mdogo wa nyuma na kuingia gereji ya shangazi yake. Mlango wa bati wa gereji ile ulipiga kelele kila ulipoguswa, kwa hiyo Shangazi hakuwa na haja ya kuinua kichwa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sahani?"

"Nimeosha."

"Haya, njoo unisomee hapa."

Macho halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na Shangazi, ambaye alikuwa akiishi naye kwa sababu shule ilikuwa karibu. Siku moja skrubu ndogo ilidondoka kwenye changarawe, watu wazima wawili wakaitafuta asubuhi nzima bila mafanikio, naye akaja akainama mara moja tu akaiokota. Tangu hapo kazi zote za kutazama zikawa zake: kusoma namba zilizochongwa kwenye vipuri, kusoma vipimo, kuandika kwenye daftari la kazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipenda kuliko viatu vipya.

Jumatatu hiyo gari lililokuwa gereji lilikuwa la Mzee Sindano, fundi cherehani wa mtaa, mzee mrefu mwembamba ambaye kila mara alikuwa na pini aliyoisahau kwenye kola ya shati. Gari lake lilikuwa dogo, la manjano, na la zamani hasa. Watu waliliita Nyuki, maana halikunguruma kama magari mengine, lilivuma. Lakini sasa lilikuwa limeanza ukaidi. Asubuhi liliwaka kwa kubembelezwa. Likisimama njiani lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Likishapata moto ukalizima, halikuwaka tena mpaka lipoe.

"Jumamosi nakwenda kumchukua dada yangu," Mzee Sindano alisema. "Amepasuliwa jicho. Daktari amemruhusu kurudi nyumbani, ila hataki apate misukosuko ya kubanana na watu kwenye basi. Ni mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi. Nimemwambia anisubiri mlangoni mwa hospitali. Fundi, usiniangushe."

"Niachie, Mzee," Shangazi alijibu. "Kwanza nijue linaumwa nini."

Mzee alipoondoka, Shangazi alifungua boneti na kuanza kutoa plagi huku akimweleza Macho. "Injini hii si kama zile ulizozoea. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna vyumba viwili, na kila chumba kina chuma cha pembetatu kinachozunguka. Chuma hicho kinaitwa rota. Rota ina pande tatu, na kila upande unabana hewa kwa zamu yake. Nguvu hiyo ya kubana ndiyo tunaiita kompresheni. Ikipungua, mafuta hayawaki vizuri. Rota mbili, pande tatu tatu, jumla?"

"Sita."

"Basi nataka namba sita. Upande mmoja ukilegea, injini nzima inanung'unika."

Kipimo cha Shangazi kilikuwa cha magari ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na kivali kidogo cha kuushikilia mshale kwenye namba kubwa kuliko zote. Shangazi alikichomoa akakiweka pembeni.

"Kwa injini hii, kivali hiki ni mwongo," alisema. "Kinakuonyesha upande ulio mzima na kuficha aibu ya wenzake. Ukikitoa, mshale unacheza. Unaruka mara tatu, halafu unaanza upya. Wewe angalia kila mruko unafika wapi."

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili. Mmoja lazima akae kwenye kiti cha dereva, akanyage pedali ya mafuta mpaka chini na kushika ufunguo, na mwingine asimame kwenye injini atazame mshale. Shangazi aliketi akawasha starta, injini ikazunguka bila kuwaka. Rota ya kwanza haikuwa na shida: saba, saba, saba. Macho aliandika namba tatu nzuri, zimejipanga.

Rota ya pili ilimsumbua. Mshale uliruka saba, saba, kisha kikapita kitu cha haraka, kama umeshuka, au kama yeye ndiye aliyepepesa. "Rudia, Shangazi," alisema. Shangazi akarudia, na jasho likamwingia Macho jichoni. "Rudia tena." Mara ya tatu starta ilianza kuvuta polepole.

"Macho, betri inachoka. Umeona?"

Sauti ya Shangazi haikuwa ya hasira, ilikuwa ya uchovu tu. Lakini Macho alihisi uso ukimwaka. Mtu anayeitwa Macho atasemaje mara ya tatu kwamba hajaona? Tena namba tano zote zilikuwa saba. Ya sita ingekuwa nini kama si saba?

"Nimeona. Saba."

"Umeiona mwenyewe?"

"Nimeiona."

Akaandika 7. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupiga chafya.

"Kompresheni ni nzima, basi," Shangazi alisema, akifuta mikono. "Ugonjwa uko kwingine."

Jumanne Shangazi alibadilisha plagi zote nne pamoja na nyaya zake. Nyuki akatetemeka vile vile. Jumatano alifungua kabureta yote, ile inayochanganya mafuta na hewa, akasafisha vijitundu vyake kimoja kimoja kwa waya mwembamba, akakirudisha kila kitu mahali pake. Nyuki akawaka, akapata moto, akazimwa, akagoma. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama gari kwa muda mrefu. Macho alikuwa akipanga spana, na spana zile alizipanga mara tatu.

Jioni hiyo Mzee Sindano alipita kumuulizia Nyuki, mgonjwa wake. Alipomwona Shangazi amenuna, akaamua kumchekesha.

"Fundi, hata mimi kazi imewahi kunikataa. Niliwahi kumshonea bwana harusi suruali. Nilisahau kumpima kiuno, nikaona haya kumwita tena, nikakisia. Nikajiambia, mtu huyu ni mwembamba, ataingia tu. Na kweli aliingia. Ila hakuweza kukaa. Sherehe nzima kasimama kama mlingoti, na wageni wakawa wanamsifu kwa adabu."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Macho alicheka pia, lakini akaacha kabla yake. Usiku ule alilala akiiona ile 7 daftarini, imekaa mwisho wa mstari kama mgeni asiyealikwa. Alijiambia labda kweli ilikuwa saba. Hakujiamini.

Alhamisi alipotoka shule alikuta mnyororo wa kunyanyulia injini umekwisha kuning'inizwa juu ya Nyuki. Shangazi alikuwa amesimama na Mzee Sindano, na Mzee hakuwa na mzaha wowote.

"Nimepima kila kitu cha nje," Shangazi alikuwa akieleza. "Plagi mpya, kabureta safi, kompresheni nzima. Kilichobaki ni labda maji yanavuja kwa ndani, na hilo halionekani mpaka nishushe injini. Jumamosi haiwezekani, Mzee. Nisamehe."

Mzee Sindano aliitoa pini kwenye kola, akaitazama, akairudisha. "Nitampigia simu," alisema. "Tatizo hana mtu mwingine wa kumchukua. Ataniambia hamna neno, halafu atakaa pale na mzigo wake miguuni." Akageuka aende, mabega yameshuka.

Macho aliogopa kupoteza jina lake, na aliogopa zaidi kumwona mzee yule akiondoka bila kuambiwa ukweli.

"Shangazi," alisema, "kompresheni sijui kama ni nzima."

Wote wawili wakamgeukia.

"Ile namba ya sita sikuiona. Niliona kama mshale umeshuka, nikadhani ni mimi nimepepesa. Nilikwisha kukusumbua mara mbili, nikaona aibu. Nikaandika saba kwa sababu zote zilikuwa saba."

Shangazi alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele. "Siku tatu nimelala chini ya gari hili. Mgongo unauma. Nilikuwa nataka kuishusha injini nzima kwa sababu ya namba uliyoitoa kichwani mwako?"

"Ndiyo, Shangazi. Naomba unisamehe." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Mzee Sindano alikohoa kidogo. "Fundi," alisema, "hata yule bwana harusi alinisamehe. Baadaye sana, lakini alinisamehe."

Shangazi hakucheka. Alichukua betri iliyochajiwa, akaifunga, akatoa plagi ya rota ya pili, akakaza kipimo. "Njoo hapa, binti," alisema. Hakusema Macho. "Utatazama mpaka uone."

Starta ikazunguka. Macho aliushikilia mshale kwa macho yake yote. Hakuiamini namba aliyoiona mara ya kwanza, akaomba tena, akaomba mara ya tatu, akaomba mara ya nne. Safari hii hakuona haya.

"Saba. Saba. Tatu," alisema. "Ni tatu, Shangazi. Kila mzunguko ni tatu."

Shangazi alitoka kwenye gari, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Moja tu? Si mbili zinazofuatana?"

"Moja tu."

"Hiyo ni habari njema, binti. Kila pembe ya rota ina kizibo chembamba cha chuma, na kizibo hicho kiko kati ya pande mbili. Kikivunjika, pande mbili zinalegea pamoja, na hapo injini lazima ishuke. Ikilegea moja peke yake, mara nyingi ni kizibo cha ubavuni kilichoganda kwa masizi. Hebu tuone."

Alidondosha kijiko kidogo cha mafuta ya injini kwenye tundu la plagi, akapima tena. Ile tatu ikapanda mpaka tano. Maana yake mafuta yalikuwa yameziba pale penye mwanya, na kizibo kilikuwepo, kimekwama tu. Shangazi akamimina mafuta mekundu ya gia yanayolainisha masizi, akaizungusha injini kidogo kidogo kwa spana, akamimina mengine, akaliacha gari lilale hivyo hadi kesho yake. Mnyororo akaushusha.

Ijumaa alasiri Nyuki aliwashwa. Moshi mweupe mzito ulijaa gereji, ukatoka mpaka barabarani, na jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Walimwacha Nyuki avume nusu saa. Kidogo kidogo moshi ukapungua, mtetemeko ukatulia, na sauti ikawa laini. Alipopoa kiasi wakapima tena.

"Vipi?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Mbili nimeziona. Ya tatu nimepepesa. Piga tena."

Shangazi akapiga tena.

"Saba, saba, sita."

"Umeiona mwenyewe?"

"Nimeiona mwenyewe."

Macho alichukua daftari na kifutio. Shangazi akamshika mkono. "Usifute. Kata hiyo saba mstari mmoja, isomeke bado, uandike tatu pembeni, na sita chini yake." Alisubiri mpaka ikaandikwa. "Sikiliza. Kutoona si kosa. Mimi mwenyewe siku hizi siuoni mshale huo, ndiyo maana nakuita wewe. Ungeacha nafasi wazi, ningejua kwamba kuna kitu hatujakijua, tungekitafuta. Ulipoijaza kwa kubuni, ulinifunga macho mimi. Usipojua, sema hujui. Mtu hawezi kutengeneza kitu alichoambiwa ni kizima."

"Nimeelewa, Shangazi."

Jumamosi Mzee Sindano aliondoka kabla ya jua kupanda. Macho alishinda kutwa nzima na masikio barabarani, hata kula alikula akiwa amesimama. Jua lilipoanza kuelemea upande wa pili, alisikia mvumo kwa mbali, ukakata kona, ukafika. Nyuki alisimama mbele ya gereji bila kutetemeka. Mzee Sindano akazima injini ikiwa ya moto, akawatazama, akageuza ufunguo tena, na injini ikaitikia papo hapo.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe juu ya jicho moja. Macho alimsalimia kwa adabu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu." Jicho lake moja liliwatazama mmoja mmoja. "Kaka yangu njia nzima ananisimulia gari hili. Kasema kuna mtoto aliyeuona ugonjwa wake. Ndiye nani?"

Macho aliangalia chini. Shangazi akaweka mkono wake wenye grisi begani pake, akamsogeza mbele mpaka dirishani.

"Ni huyu," alisema. "Anaitwa Macho."