Kompyuta ya Baba Imepigwa Windows

Jioni ile nilitumwa kazi ndogo tu. Kwenda Kayanga kwa fundi Celestin, kuchukua kompyuta ya marehemu baba iliyopelekwa kupigwa Windows mpya.

Aliyeipeleka ni baba mdogo Desderius. Mtu ambaye baba akiwa hai hakuwahi kutuletea hata balbu, ghafla akawa na huruma na kompyuta!

"Hiyo Windows ya zamani inagandaganda, mwanangu. Kesho kwenye kikao cha ukoo tutasikilizaje?"

Nikampa. Kwetu baba mdogo ni baba, humwambii subiri kwanza.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti. Baba yangu, mwalimu Byabato, mikono ilipoanza kumtetemeka alijirekodi akisema kuwa kibanja cha Nyakasimbi, migomba, kahawa na nyumba, ni changu mimi Kemigisha, mtoto wake wa pekee. Bila sauti hiyo, ukoo usingempa mtoto wa kike kibanja. Nilijua hilo. Na baba mdogo alilijua.

Nilipomuuliza sauti ya baba iko wapi, Celestin hakunitazama usoni.

"Sauti? Dada, mzee aliyeileta aliniambia nifute vyote. Nilimuuliza tena. Akasema futa."

Alijaribu kuirudisha mbele yangu. Hakuna kitu. Nikapanda bodaboda nimeipakata, nalia mpaka dereva akaogopa kuniuliza.

Nyumbani nilimkuta baba mdogo amekalia kiti cha baba. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Marahaba. Iwashe tuone."

Nikaiweka kwenye meza ya baba, nikaiwasha, nikarudi kusimama mlangoni. Skrini ikawa nyeupe, safi, haina hata picha moja ya zamani. Ikauliza jina la mtumiaji.

Hakuna aliyeigusa.

Ta... ta... ta...

Vitufe vilikuwa vinabonyea vyenyewe. Baba alichapa hivyohivyo, kwa kidole kimoja, polepole.

BYABATO.

Harufu ya kahawa ikajaa chumbani. Baba hakukaa hapo bila kutafuna punje za kahawa zilizochemshwa, na maganda aliyaacha kando ya kibodi. Nikasogea nikatazama. Maganda yalikuwepo.

Yalikuwa na mate.

Baba mdogo akaruka kutoka kitini. "Umesikia?" akanong'ona.

"Nisikie nini?"

"Kaka... anaongea."

Nikaweka sikio kwenye spika. Nilisikia feni tu.

Kesho yake ukoo ukamrithisha baba mdogo kibanja. Alikaa jasho linamtiririka, wazee wakadhani ni uchungu wa msiba. Nani angenisikiliza mimi? Nikafungasha nguo zangu, nikapanga chumba Omurushaka.

Baada ya muda baba mdogo akaja na kompyuta ndani ya gunia. Amekonda, macho mekundu.

"Ichukue, mwanangu. Nimechomoa waya, bado anaongea."

"Anasema nini?"

Akatikisa kichwa. "Ichukue tu."

"Na kibanja, baba mdogo?"

"Ah... hilo ukoo ulishaamua."

Hata hofu haikumfanya abanduke! Nilimchukia. Lakini kompyuta niliichukua, tena kwa furaha. Tangu siku hiyo kila jioni naiwasha, naweka punje za kahawa kando yake, namwita baba kwa sauti ya chini, "Tata... ni mimi." Sijasikia hata pumzi. Asubuhi punje ziko vilevile.

Juzi uvumilivu uliniishia. Nikaenda Nyakasimbi giza likianza kuingia, nikapita kimyakimya kwenye migomba, karibu na kaburi la baba, hadi chini ya dirisha la baba mdogo.

Harufu ya kahawa ilinifikia kabla sijagusa ukuta.

Kompyuta niliiacha Omurushaka, kwenye meza yangu. Lakini mle ndani...

Ta... ta... ta...

Kisha kimya. Kisha sauti ya baba mdogo, analia taratibu.

"Ndiyo, kaka... Ni cha kwake, kaka, najua... Waitu, tafadhali kaka, nimekusikia..."

Nikabandika sikio ukutani. Nikabana pumzi. Nilitaka neno moja tu, hata kikohozi chake baba. Sikupata. Kilichokuja ni majibu ya yule mwizi, na katikati ya majibu, kimya kirefu cha mtu anayesikiliza.

Kibanja amechukua. Nyumba amechukua. Na baba yangu anaongea na yeye.