Vipande Viwili vya Mpira Nilivyovificha Mfukoni

Nina miaka thelathini na minane, ni fundi magari hapa Kizota, Dodoma. Mke nilikuwa naye, akaondoka, na simlaumu. Wasomaji wenzangu, mikasa yenu nimeisoma mingi nikiwa nimekaa juu ya tairi gerejini, na kila mara nasema huyu kasalitiwa, yule kadhulumiwa... Mimi ndiye niliyesaliti. Naomba mnisikilize, lakini msinionee huruma.

Miaka ile ya ruksa, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, nilikuwa fundi mwenye jina. Waliniita Sikio. Gari likiingia getini nasikia tu mlio wake, nautaja ugonjwa, na sikosei. Nilivimba kichwa, acha niseme ukweli! Sikuwahi kumwambia mteja kwamba sijui.

Shemeji yangu Elia, karani wa serikali aliyemuoa dada yangu Magreti, alinunua gari dogo jeupe. Lilikuja na shokapu za mbele ambazo hatukuwahi kuziona. Zina uzi kama wa bolti, na springi imekalia nati. Ukiizungusha ile nati kwenda chini, gari nalo linashuka. Elia alitaka lishuke, na mimi nikazungusha mpaka mwisho, likakaa chini hata kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Gereji nzima ilikuja kutazama. Nilijiona nimemaliza ufundi!

Hazikupita wiki mbili, gari likaanza kugonga mbele. Ko, ko, ko, kila likiingia shimoni. Sababu niliijua... Limeshuka mno, springi inacheza kwenye kikalio chake, na boljointi, kile kirungu cha chuma kinacholishikilia gurudumu, inavutwa upande mpaka imelegea. Dawa yake ilikuwa kulipandisha gari, kisha kufunga boljointi mpya, ambayo lazima iagizwe Dar.

Elia alipolirudisha mara ya kwanza, nilikaza nati. Mara ya pili nikabadili bushi, zile raba za kwenye maungio. Mara ya tatu mafundi wenzangu wakaanza kunitania, eti Sikio limeingia nta. Iliniuma sana. Kulipandisha lile gari mbele yao ilikuwa ni kukiri kwamba nilikosea kulishusha. Ningeuweka wapi uso wangu?

Basi nikafanya jambo ambalo mafundi wengi wanalijua na hawalisemi. Nilikata vipande viwili vya mpira wa tairi kuukuu. Kimoja nikakilaza chini ya springi, kingine nikakishindilia kwenye boljointi pamoja na grisi. Tukatoka kulijaribu mpaka relini na kurudi. Kimya kabisa! Elia alifurahi kama mtoto. Akaniuliza kama linaweza kufika Makutupora Jumapili, maana yeye na Magreti walitaka kumchukua binti yao Neema, wa mwaka mmoja, aliyekuwa kwa mama yangu.

Nikamjibu kwa mdomo wangu huu, "Limepona, shemeji."

Jumapili asubuhi, wakiwa njiani kwenda, karibu kabisa na mashamba ya zabibu ya Makutupora, boljointi ilichomoka na gurudumu la kushoto likalala. Gari likaacha barabara, likapinduka. Magreti alifia palepale. Elia alivunjika mguu.

Mimi nilifika kabla ya mkaguzi wa magari. Dada yangu walikuwa wameshamfunika kanga. Mngedhani nilimkimbilia yeye, sivyo? Nilikwenda kwenye gurudumu. Nikachuchumaa, nikavichomoa vile vipande viwili, nikavitia mfukoni mwa ovaroli. Baada ya hapo ndipo nikalia.

Mkaguzi aliandika mwendo kasi. Gari limekaa chini vile, dereva kijana, nani angefikiria jambo lingine? Elia mwenyewe hakukumbuka chochote cha asubuhi ile. Aliletwa mazishini na plasta mguuni, na wazee wa ukoo wetu wakamzuia hata kutupa udongo kwenye kaburi la mkewe. Baadaye akafungwa. Alipotoka akaja kumtaka mwanawe, mama akamwambia Neema halelewi na muuaji. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na neno moja tu langu lingetosha... Nilinyamaza.

Miaka saba, ndugu zangu! Tangu alipotoka jela, kila Jumapili Elia alikuja gerejini akichechemea kuniomba msamaha. Mwanzoni alisema hajui alikuwa anakimbilia nini. Baadaye akasema anaanza kukumbuka, anauona mshale wa spidi ukipanda na Magreti akimwambia apunguze. Kumbukumbu ya kosa langu alijitungia mwenyewe! Na mimi nikamwambia nimemsamehe. Mtu niliyemuulia mke, nilimsamehe mimi! Pombe ilinianza hapo, na mke wangu akachoka nayo.

Mwezi uliopita mama alipita gerejini na Neema. Elia alikuwepo. Mtoto alipomwona akajificha nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mjomba, ndiye huyo aliyemuua mama?"

Kesho yake nikavitoa vile vipande kwenye kopo la nati nilimovificha miaka yote, nikaenda chumbani kwa Elia. Nilimweleza yote, nikisubiri anipige. Nilitamani anipige! Yeye akavigeuzageuza tu kiganjani.

"Kwa hiyo sikuwa nakimbia?"

"Hukuwa unakimbia, shemeji."

Akaniuliza tena. Akaniuliza mara ya tatu, kisha akajilaza kitandani akageukia ukutani, akalia mpaka kitanda kikatikisika. Miaka saba ya mtu nilikuwa nimeifungia kwenye kopo.

Tulikwenda pamoja kwa mama. Aliposikia hakunitukana. Aliinuka, akafungasha nguo za Neema moja moja, akamkabidhi Elia, akampigia magoti mkwe wake. Mimi hajanisemesha mpaka leo. Polisi nimeshaandika maelezo, na lolote litakalokuja nitalipokea.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Gari likigonga, liacheni ligonge mpaka mtibu kinachogonga. Kusema "hapa nimekosea" kunauma siku moja tu, mtachekwa na jua litazama. Nanyi wenye magari, gari likinyamaza ghafla, mwambieni fundi awaonyeshe kifaa kibovu alichokitoa. Asipokuwa nacho mkononi, msipande.

Jumapili Elia haji tena gerejini. Iliyopita alimpeleka Neema kaburini kwa mama yake, akachota udongo kwa mkono wake, akautupa pale. Mimi nilisimuliwa tu. Sikualikwa.