Gari Lisilofika Kwetu

"Nyeusi ama ya kijani?" Kaloki aliniuliza, mikono mfukoni, macho yake yakiwa tayari yametua kwenye ya kijani.

Tulikuwa kwenye yadi ya Nderitu, kando ya barabara ya Mombasa, hapo Kibwezi. Nderitu hulaza hapo magari yake yanayotoka bandarini kabla hayajaenda Nairobi. Siku hiyo Probox na pickup zote zilisukumwa nyuma. Mbele zilibaki mbili tu, za milango miwili, pua ndefu, viti vya ngozi: Mercedes nyeusi na Jaguar ya kijani. Zilikuwa zimetumika, lakini zilitumiwa na watu wa kufunguliwa mlango.

"Mama Mbinya, chukua time yako," Nderitu alisema. "Hizi si gari za kubeba mahindi. Hizi ni za safari. Unatoka Mombasa asubuhi, unaingia Nairobi shati bado iko na pasi."

"Na nikienda Tawa?"

"Tawa si kuna lami?"

"Kwetu ni ndani. Ukiacha lami ni mawe, halafu mto wa mchanga, halafu mawe tena."

Nderitu alijikuna shingo.

"Basi chukua nyeusi. Hiyo suspension yake ni ya hewa. Hebu cheki."

Akaingia, akabonyeza kitufe, na Mercedes ikajiinua polepole hadi nikaona mwanga kati ya tairi na bodi. Ilisimama hapo juu, inangoja.

Machozi yalinilengalenga. Msinicheke, ngoja niwaambie kwa nini.

Mimi na Kaloki tulikuwa tumeishi pamoja tangu siku zake za kuchimba visima kwa mashine ya kukodi. Niliwapikia wafanyakazi wake, nikawafuata wateja wasiolipa mpaka makanisani, nikamzalia Mbinya. Lakini kwetu Ukambani, hata mkikaa hadi mvi, mwanamume asipopeleka ntheo kwa baba yako, wale mbuzi watatu tu wa kwanza, wewe si bibi ya mtu. Wewe ni mgeni aliyekaa sana.

Kila mwaka nilimkumbusha, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile:

"Siwezi ingia kwenu na pickup ya kuazima, Nzilani. Wacha ninunue gari ya maana. Hiyo wiki tu, mbuzi zinaenda."

Kwa hiyo niliombea gari. Wanawake wenzangu kanisani waliombea watoto wapite mtihani, mimi nikapiga magoti niombe mwanamume apate gari. Usiku alinionyesha picha kwenye simu, hii ama ile, nami nikachagua kwa moyo wote, kwa sababu kila gari nililoliona nililiona likiwa limesimama kwa boma la baba.

"Nyeusi," nikasema. "Inajiinua. Na Mbinya atakaa nyuma vizuri. Hii ya kijani kiti cha nyuma hakitoshi hata kiondo."

"Kijani iko na sura," Kaloki akasema.

"Sura itavuka mto?"

"Wewe kila kitu ni mto, mto."

"Sasa tutapeleka mbuzi aje, Baba Mbinya?"

"Kwani mbuzi nitabeba na Jaguar?"

Nderitu alicheka. Kaloki hakucheka. Alinipa ufunguo wa ile ya kijani.

"Endesha wewe kwanza," akasema. "Uskie utamu yake. Utabadilisha mawazo."

Nderitu alimuunganishia Kaloki simu yake na redio ya gari ili tusikie muziki, tukatoka. Sitadanganya, ile Jaguar ilikuwa tamu. Haikusukuma wala kupiga kelele, ilikuwa inakwenda tu, na malori yakabaki nyuma. Kwa dakika chache nilisahau hata mto.

Muziki ukakatika. Simu ikaanza kuita ndani ya gari zima. Kwenye kioo kidogo cha redio paliandikwa *Fundi wa Pampu*.

"Achana nayo," Kaloki alisema haraka, akitafuta simu mfukoni.

Lori lilikuwa linapishana nasi na mlio ule ulinichanganya. Nikabonyeza kitufe kwenye usukani nikidhani napunguza sauti. Nilikuwa nimepokea.

"Babe, umemwambia ama bado?"

Sauti ya mwanamke ilitoka kila upande, kwenye milango, chini ya viti. Kaloki alikuwa anaibonyeza simu yake bila mpango.

"Na usikubali akuchagulie ile nyeusi," sauti ikaendelea. "Hiyo inakaa ya mazishi. Kijani ndio itatoka poa kwa picha za harusi. Na kwetu ni lami mpaka kwa gate, hatuhitaji hiyo mambo ya kujiinua. Halo? Kaloki?"

"Kaloki ako hapa," nikamjibu. "Mimi ndio naendesha. Wewe ni nani, dada?"

Sauti ikarudi, ya chini.

"Naitwa Yvonne. Pole. Aliniambia wewe si bibi yake. Alisema hajawahi peleka hata mbuzi mmoja kwenu."

"Hajakudanganya," nikasema.

Niliegesha gari kando ya barabara, nikawasha taa za tahadhari. Kaloki akakata simu.

"Nzilani, nisikize."

"Nakusikiza."

"Haikuanza hivi. Nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nataka kukuja kwenu."

"Nini kilikuzuia?"

Alinigeukia.

"Kwenu ni mbali," akasema.

Angeweza kusema amempenda yule, ningeumia na kuelewa. Angeweza kusema nimezeeka, nimenenepa, napenda kukumbusha. Lakini mtu niliyemfulia nguo zenye tope la visima vya wilaya nzima, aliyeshinda mwezi mzima porini akitafuta maji ya watu wengine, alinitazama na kuniambia kwetu ni mbali. Nilishuka. Nikaweka ufunguo juu ya boneti, nikarudi yadi kwa miguu.

Nderitu alinikuta langoni, bado anatabasamu.

"Ehe, Mama Mbinya. Tufunge gani?"

"Ya kijani. Kuna mtu alishachagua."

Jioni hiyo nilimchukua Mbinya, nguo zetu na cherehani yangu, tukaenda Tawa. Baba yangu, Mzee Nzomo, hakuniuliza neno. Alinisogezea kiti na kumtuma mama aweke chai.

Simu haikunyamaza wiki zile za kwanza.

*"Mtoto ako aje?"*

*"Nzilani, shika simu basi."*

Sikujibu. Kisha ikaingia hii:

*"Naomba kukuja kwenu Jumamosi kumwona mzee. Ni jambo ya heshima. Tafadhali usikatae."*

Niliisoma mpaka simu ikakaribia kuzima kwa kukosa chaji. Jambo la heshima. Kwetu mwanamume akisema anakuja kumwona mzee kwa jambo la heshima, huwa haji kuuliza hali ya mvua. Moyo mjinga ukaruka. Nikamwonyesha baba.

"Wewe unataka?" akaniuliza.

"Sijui, Baba."

"Unajua," akasema. "Mwambie akuje."

Jumamosi nilifagia boma mara mbili. Nikapiga pasi gauni la Mbinya la kanisani. Mama alitafuta kamba tatu akaziweka karibu na zizi, bila kusema ni za nini, nami sikumuuliza.

Alifika jua likiwa kichwani, kwa miguu, viatu vya ngozi vikiwa vyeupe kwa mchanga na suruali imelowa jasho. Mkononi alibeba sukari na mkate. Baba alikuwa ameketi mbele ya ghala. Alimpa mkono, kisha akatazama nyuma yake, njiani.

"Mbuzi zinakuja na nani?"

"Hakuna mbuzi, mzee."

"Na gari?"

"Imekwama mtoni. Imelala na tumbo."

Mama aliinuka akaingia jikoni. Nilizisikia sufuria.

"Sema kilichokuleta," baba akamwambia.

Kaloki alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee, mimi nafunga harusi Kitui. Sasa pasta wa huko amekataa kutangaza ndoa kanisani. Mtu alimwambia niko na bibi huku Makueni. Anasema hawezi kutangaza mpaka asikie kutoka kwa hii boma kwamba sikuoa hapa." Akatoa simu. "Nilikuwa naomba umwambie tu ukweli. Kwa simu. Ni dakika mbili."

Ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya mti wa mwashoki uliokuwa nyuma ya choo. Mimi nilisimama mlangoni na gauni langu zuri, na aibu ikanipanda toka miguuni. Nilikuwa nimemfagilia boma.

"Umetembea kutoka mtoni mpaka hapa," baba akasema, "kwa sababu ya hiyo."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hivyo hii njia inapitika."

Kaloki aliinamisha kichwa.

"Piga hiyo simu," baba akasema. "Weka tuskie wote."

Pasta alipokea upesi. Wakasalimiana, wakaulizana mvua, kama wazee wanavyofanya hata siku mbaya.

"Mimi ni Nzomo, baba ya Nzilani. Umetaka kujua kama Kaloki ameoa hapa. Hajaoa. Hajaleta mbuzi hata mmoja. Msichana wangu si bibi yake."

Nilimwona Kaloki akishusha pumzi. Niliiona kabisa, mabega yake yakishuka. Nadhani hapo ndipo mapenzi yangu yalipoisha. Si kule barabarani.

"Asante, mzee," pasta akasema. "Hilo ndilo nilitaka."

"Ngoja, sijamaliza. Wewe pia ni Mkamba, unajua. Kama hakuna mbuzi, hakuna bibi. Na kama hakuna bibi, hakuna mtoto. Kuna msichana hapa anaitwa Mbinya. Huyo ni wa hii boma. Ni Mbinya wa Nzomo. Nataka Kaloki aseme amesikia, na wewe ukiwa shahidi."

Pasta alikohoa.

"Kwa desturi yetu ni kweli," akasema taratibu. "Kaloki, umesikia?"

"Mzee, huyo ni damu yangu," Kaloki akasema, na sauti ilianza kumvunjika. "Hatukuongea mambo ya mtoto."

"Wewe ndio umesema niseme ukweli. Ukweli ni moja. Nikigeuza hiyo ya mtoto, nageuza na ile ya harusi. Chagua."

Alichukua muda. Nitampa hilo, hakujibu papo hapo. Alimtazama Mbinya aliyekuwa anacheza na zile kamba tatu pale zizini, akanitazama mimi, akatazama simu.

"Nimesikia," akasema.

Baba akakata simu na kumrudishia.

"Nilikuwa nataka angalau Mbinya avae gauni siku ya harusi," Kaloki aliniambia chinichini nilipomsindikiza. "Abebe maua. Tuje naye kwa gari."

"Ungemkalisha wapi?" nikamuuliza. "Hiyo gari nilikwambia haina kiti chake."

Tulipofika mtoni Jaguar ilikuwa imezama kwenye mchanga hadi milangoni, kijani kinang'aa, na vijana wa soko walikuwa wanapiga nayo picha. Angeweza kukesha hapo.

Nilirudi nyumbani nikachukua ng'ombe wawili wa baba wa kulima. Nikachukua na kamba, zile tatu za mama, nikazisokota pamoja ziwe imara. Niliifunga Jaguar mimi mwenyewe, kwa nyuma, nikawaswaga ng'ombe kuelekea ng'ambo, kule alikotoka. Gari lilivutwa kinyumenyume, likiburura tumbo kwenye mawe, Kaloki akiwa ameshika usukani bila kunitazama. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka nihakikishe limefika lami.

"Nitakuja kumwona Mbinya," akasema dirishani tulipofika barabarani.

"Utamuulizia kwa mwenye mtoto. Njia sasa unaijua."

Aliwasha taa, akashika njia. Nilifungua kamba, na hapo nikalia, nikalia mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama. Kisha nikazikunja kamba, kwa sababu ni za mama na hutumika, tukarudi nyumbani.