Upanga Uliosuguliwa kwa Ndimu

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Januari, saa moja na nusu asubuhi. Nizwa, mji wa Oman, ulikuwa na baridi, na wingu jembamba lilikuwa limeshika vilele vya milima. Wijdan alikuwa akipenya katikati ya wanunuzi katika soko la mbuzi, ukingo wa kijani wa baibui lake ameukusanya mkononi, akielekea dukani kwake alikokagua silaha za kale. Beberu mmoja akamponyoka mchuuzi wake. Kamba yake ikamzunguka kijana mmoja miguuni, akaanguka, na furushi refu alilolikumbatia likaanguka mbele ya viatu vya Wijdan. Shuka ikafunguka. Akaona upanga wenye mpini wa kichwa cha simba, macho yake vioo vyekundu.

"Huu ni wa Kijerumani," alisema.

"Nami sijambo, bibie," kijana alijibu, bado yuko chini. "Ahsante kwa kuniuliza kama nimeumia."

Aliitwa Mutasim, mhandisi wa maji kutoka Ibra. Dishdasha yake, kanzu nyeupe ya Kiomani, ilikuwa imenyooshwa kwa pasi, ila goti moja sasa lilikuwa na samadi.

Dukani alieleza haja yake. Babu wa bibi yake, Bi Mahbouba, alimfundisha Kiswahili afisa wa Kijerumani huko Tanga, na afisa akamwachia upanga huo kwa shukrani. Bi Mahbouba alitaka wanaume waucheze katika razha, ngoma ya panga, siku Mutasim atakapooa. Wajomba wa Mutasim walikataa kucheza na kile walichokiita kitu cha watalii. Bi Mahbouba hakubishana nao. Aliacha tu kusimulia habari za Tanga.

"Na wa kumuoa yupo?" Wijdan aliuliza, jicho kwenye kioo cha kukuzia.

"Nilipotoka nyumbani hakuwapo. Sasa sijui."

Upanga ulibaki dukani, na simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu hajambo?" Mutasim aliuliza.

"Amelala. Anakusalimia."

"Na daktari wake?"

"Daktari ana kazi, laazizi. Kata simu." Neno lilimtoka Wijdan kabla hajalizuia, na siku nzima alitabasamu peke yake.

Kisha ikaja simu nyingine.

"Mutasim, alama siioni. Panga kama hizi hupigwa chapa ya kiwanda karibu na mpini. Bapa hili ni laini tupu, halina hata kovu la kutu. Nahisi ni bandia."

"Unasema bibi yangu ni mwongo?"

"Nasema habari za chuma."

"Basi chuma hicho nitakuja kukichukua."

Simu ikakatika. Hakuja, wala hakupiga tena. Wijdan aliona si adabu Bi Mahbouba apate habari hiyo kwa mtu mwingine. Akautia upanga garini, akaenda Ibra.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fadhali, karibu. Mikono yangu utaisamehe."

Bi Mahbouba alikuwa amejifunga kanga, akisugua birika la shaba kwa ndimu na jivu.

"Vyombo vya Idi naanza mapema," alisema. "Mama alinifunza hivi Unguja. Hata huo upanga, haipiti Idi sijausugua."

Wijdan alisahau maneno yote aliyoyapanga. "Hata upanga, Bibi?"

"Niuache ushike kutu, wageni waone?"

"Na hii pete ya fedha, hapa chini ya mpini?"

"Aliitia baba yangu, mpini ulipolegea. Mimi sijazaliwa."

Wijdan aliomba ruhusa, akaisogeza pete taratibu. Chini yake, ambako ndimu haikufika, chuma kilikuwa cheusi. Palikuwa na alama ya kiwanda na jina la mji wa Ujerumani unaosifika kwa kufua panga: Solingen.

"Bibi, nilikosea. Upanga ni wa kweli. Alama nyingine zote umezifuta wewe kwa kusugua."

Bi Mahbouba alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Alhamdulillahi. Kumbe nilikuwa nasugua shahidi wangu mwenyewe. Mungu akulipe heri, mwanangu. Ungeweza kumpa dereva auletee."

Mutasim alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikukatia simu," alisema.

"Ulinikatia."

"Na wewe ukaja. Nikushukuru vipi?"

"Anza kwa kupokea nikipiga."

"Nije na wazee kwa baba yako?"

Wijdan aliinama kuirudisha pete mahali pake. "Njoo. Ila usipitie soko la mbuzi."

Wijdan alirudi Nizwa, akamweleza baba yake. Mutasim aliipeleka dishdasha kwa dobi. Wajomba walikuja jioni, wakaonyeshwa alama, wakaomba radhi, wakakaa kusikiliza habari za Tanga toka mwanzo. Bi Mahbouba aliufunga upanga kwa kanga yake mpya, na Idi hiyo hakuusugua.