Fishi ya Parseli Tupu

Kwaru, kwaru, kwaru.

Giza lilikuwa bado nene. Umwiza alilala kimya akisikiliza kijiko kikikwangua majivu ndani ya mbabula, jiko lao dogo la makaa, akajua kwamba mama yake ameamka. Baada ya kijiko kilifuata kiberiti. Baada ya kiberiti zilifuata karatasi. Kila siku nyumbani kwao ilianza hivyo: mama alitenga chai, akawasha taa ndogo ya sola, akasoma masomo yake kwa saa moja kabla jirani wa kwanza hajafungua mlango.

Mama huyo aliitwa Charline, lakini watu wote wa avenyu, njia yao, walimwita Mama Umwiza. Alikuwa karani katika ofisi ya kwartieri, mtaa wao, upande wa magharibi wa Goma, si mbali na ziwa. Saa kumi alasiri alifunga ofisi, akaenda chuo kikuu kwenye masomo ya jioni ya utawala wa umma. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya masta. Wenzake wengi darasani walitaka kazi katika mashirika ya misaada kule Himbi, kwenye maofisi yenye jenereta na magari meupe. Yeye alitaka kufanya kazi komini, mahali panapoamuliwa bomba la maji lipite wapi na nani apewe parseli ipi, yaani kiwanja kipi. Jirani mmoja alimtania, akamuuliza kama kweli mtu husoma miaka yote hiyo ili akakae katika ofisi isiyo na kiti. Mama alicheka, akasema kiti atakwenda nacho kutoka nyumbani.

Kazi yake ya mwisho chuoni ilihusu mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Haionekani, na mara nyingi hainuki, lakini huzima hata moto. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hutulia mashimoni kama maji yanavyotulia ndani ya beseni, hasa jioni na alfajiri, wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita asijue kitu. Mtoto, au mtu aliyelala chini, haamki.

Mama alitaka kwartieri yao iwe na ramani yenye alama nyekundu kila mahali penye mazuku. Kwa kila parseli alitayarisha fishi moja, yaani karatasi ya maswali: hapa wanaishi watu wangapi, je, kuna shimo, je, mnyama amewahi kufa humo. Kila Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba, na Umwiza alimfuata akimbebea kalamu.

Jumamosi ya mwisho profesa alimwita mama ghafla. Zilikuwa zimebaki fishi kumi na moja tu, za avenyu ya chini. Umwiza alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali alikuwa ameyashika kwa moyo. Mama alimpa karatasi na kumwagiza aulize watu wakubwa tu, asiingie kwenye shimo lolote, na kama mwenye parseli hayupo, aulize jirani.

Umwiza alifanya nane vizuri sana. Kisha rafiki yake Joyeuse akaja mbio kumwambia kwamba bibi harusi anatoka nyumbani kwao sasa hivi, na ngoma zimeanza. Zilikuwa zimebaki parseli tatu. Mbili zilikuwa zimefungwa mageti. Ya tatu haikuwa na nyumba kabisa, ni mawe meusi na majani tu.

"Parseli tupu haina mutu," Umwiza alijiambia. "Hata kama mazuku yako pale, yatamuua nani?"

Akaketi juu ya jiwe, akaandika hapana, hapana, hapana kwenye fishi zote tatu, akaenda kucheza mpaka viatu vyake vikajaa vumbi jeusi.

Mama alizipokea karatasi bila kuuliza kitu. Alimshukuru, akamnunulia mandazi mawili. Baada ya wiki mbili ramani ilikamilika, nayo ilikuwa nzuri sana. Muzee Télesphore, shefu, mkuu wa kwartieri, aliomba nakala, akaibandika ukutani nyuma ya meza yake. Jumatatu iliyofuata mama angeitetea kazi yake mbele ya maprofesa.

Lakini Ijumaa, Umwiza alipotoka shule, alimkuta mama yake akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alimweleza kwamba amefika mama mmoja kutoka milima ya Masisi, jina lake Philomène, pamoja na mtoto wake Moïse wa miaka miwili. Walikuwa wamekaa Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi wa vita, na tangu watoke huko walikuwa wakilala popote. Shefu aliitazama ramani, akatafuta mahali pasipo na alama nyekundu, akampa Philomène ile parseli tupu ya avenyu ya chini ili asimike hema lake hapo kwa muda.

"Unaona?" mama alisema. "Hata kabla ya Jumatatu, kazi yetu imemupatia mutu mahali pa kulala."

Umwiza alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Alisema ameshiba, akatoka, akampitia Joyeuse, wakashuka mpaka kwenye ile parseli.

Hapakuwa na ndege hata mmoja. Kuku wa jirani walidonoa mpaka kwenye ukuta wa mawe, kisha wakageuka, kana kwamba kuna mtu aliyewazuia. Nyuma kabisa ardhi ilizama kama bakuli, na katikati ya bakuli hilo Mama Philomène alikuwa akifunga kamba ya mwisho ya turubai lake. Umwiza aliona mjusi kando ya jiwe. Alimtupia kokoto. Mjusi hakukimbia.

"Bibi yangu anasema mbuzi ya Papa Hitimana ililala pale mwaka jana," Joyeuse alinong'ona. "Haikuamka."

"Na mbona hamukusema?"

"Nani alituuliza?"

Umwiza aliuendea ukingo wa shimo. Alijikaza, akamwambia Mama Philomène kwamba mahali pale ni chini sana, afadhali asogee juu. Mama Philomène alicheka, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Chini ndiyo kuzuri, mutoto wangu. Kule juu upepo unabeba hema. Kanyaruchinya nililala mara mbili bila paa, nimejifunza."

Kumbe alikuwa amelichagua shimo kwa sababu lilikuwa shimo. Umwiza alitaka kuendelea, lakini ili aendelee ilibidi aseme amejuaje, na kwa nini ramani haionyeshi kitu. Aligeuka, akarudi nyumbani.

Huko mama alikuwa akipiga pasi blauzi ya Jumatatu. Umwiza aliitazama ile blauzi nyeupe. Aliwaza miaka miwili ya kijiko na majivu, na maprofesa wakiitupa kazi yote kwa sababu ya karatasi moja. Mwishowe akajiambia kwamba atasema kesho.

Jua lilikuwa linazama. Upepo wa ziwani ulikoma kabisa. Juu ya nyumba za avenyu moshi wa mbabula ulisimama wima, haukwenda kulia wala kushoto.

Wakati huo huo Mama Philomène akabisha hodi, ameshika sahani ya bati. Alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Alisema amewasha mbabula yake mara tatu na mara tatu imezimika, labda makaa ya Goma yananyeshewa mvua ndani ya magunia. Moïse alikuwa amelala mapema, aliongeza, hata chakula hakungoja.

Mama aliweka pasi chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ulibadilika. Akauendea mfuko wake, akatoa ramani, akaweka kidole juu ya avenyu ya chini.

"Hapana," alisema taratibu. "Pale hakuna kitu. Niliangalia." Akachukua koleo, akaanza kuchagua makaa mekundu.

Umwiza alimwona mama yake akiiamini ile karatasi, na hapo hakuweza kungoja kesho. Alisema yote kwa pumzi moja: harusi, jiwe alilokalia, hapana tatu, mbuzi, mjusi, na jinsi alivyoshindwa kuongea tangu alasiri. Hakumaliza. Koleo lilianguka sakafuni, na wanawake wawili walikuwa tayari nje wakikimbia.

Aliwafuata. Alipofika, mama alikuwa amemshika Mama Philomène kiunoni kwa nguvu zake zote, kwa maana yule mzazi alitaka kujitupa shimoni. Mama alimwambia kwamba akiinama mle ndani wataanguka wawili. Moïse alionekana chini ya turubai, amelala ubavu, shavu lake juu ya mkeka. Hakugeuka aliposikia jina lake.

Mkeka ulitandikwa juu ya pindo la turubai lililotumika kama sakafu, na pindo hilo lilifika hadi kwenye mawe ya juu. Mama aliliona. Alimweka Mama Philomène upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, Umwiza na Joyeuse aliyetoka mbio kwao wakashika katikati, wakavuta. Kamba zilikatika. Turubai lilipanda polepole juu ya mawe makali, likimleta Moïse kama mzigo usio na uhai.

Walimbeba hadi barabarani, mahali pa juu, wakampepea kwa kitenge. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mama Philomène hakulia. Alikuwa akihesabu kitu kwa sauti ya chini, na hakuna aliyejua anahesabu nini. Alipofika kumi na saba, mtoto alikohoa. Kisha akapiga kelele, kelele za hasira, na hakuna mtu pale aliyewahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Pikipiki iliwapeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpa Moïse oksijeni, akasema kwamba kama wangechelewa, wangeleta maiti. Usiku ule Mama Philomène na mwanawe walilala kwa shefu, na alfajiri aliwapa chumba nyuma ya ofisi, mahali palipoinuka.

Umwiza alingoja kupigwa. Hakupigwa, na hilo lilimwumiza zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi mama alimpigia simu profesa, akamweleza kila kitu, hata kwamba alimpa mtoto kazi yake bila kurudi kuikagua. Alisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akaichukua blauzi nyeupe, akaikunja, akairudisha sandukuni. Hangetetea Jumatatu. Profesa alikuwa ameisogeza kazi yake mbele kwa miezi mitatu, azirudie fishi zote mia mbili.

Shefu alikuwa ameita watu wa avenyu ya chini wakutane kwenye ile parseli saa mbili. Njiani, walipokaribia, mama alisimama.

"Sikiliza, mwanangu. Muzee Télesphore hawezi kuingia katika kila shimo la kwartieri. Anaangalia karatasi. Na mimi, ninayesoma mambo haya usiku na mchana, jana niliamini karatasi kuliko moto uliokataa kuwaka. Kama ungeandika 'sijui', ningekwenda pale kuuliza. Hakuna aibu kuandika 'sijui'. Lakini uliandika 'hapana', na sisi wote tukalala tukiamini. Mimi nilikosa kwa kutokagua. Wewe ulikosa kwa kuandika usichokiona. Ukitaka siku moja kufanya kazi ya watu, au kazi yoyote, anza hapo: fika kwanza, ndiyo uandike."

Umwiza aliitikia kwa kichwa. Akamshika mama yake mkono, wakaendelea.

Watu walikuwa wamejaa juu ya ukuta wa mawe, hakuna aliyetaka kushuka. Turubai lililochanika lilikuwa bado limelala pale lilipoachwa. Shefu alieleza yaliyotokea. Manung'uniko yakaanza nyuma, na Papa Hitimana, yule mwenye mbuzi, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Mama Umwiza, hiyo diplome yako ungeitundika juu ya kaburi ya nani?"

Wengine waliguna. Mama hakuinamisha uso. Alisema ramani ina jina lake, kwa hiyo kosa ni lake, na leo ataanza upya geti kwa geti, naye anawaomba wamwambie kila walijualo, hata kuhusu mbuzi. Papa Hitimana alitazama pembeni.

Muzee Télesphore aliinua ile fishi ya parseli tupu, akaigeuza huku na huku.

"Lakini huu si mwandiko wako, Mama Umwiza. Hapa alikuja kuuliza nani?"

Mama hakugeuka kumtazama binti yake. Chini shimoni hakuna jani lililotikisika. Umwiza aliuachia mkono wa mama yake, akapanda juu ya jiwe ili waliosimama nyuma wamwone.

"Ni mimi niliyeandika bila kufika."